Yangu iko wapi? Barua kwa mdogo wangu anayechora katuni

Mdogo wangu,

Shangazi amenionyesha katuni yako mpya. Usimkasirikie, hakujua kwamba mimi sikutumiwa. Alinishikisha simu akiwa na furaha tele, akaniuliza, "Umeiona hii ya ndugu yako?" Nikasema ndiyo, kisha nikamwomba anirushie. Sekunde 47. Niliitazama usiku ule, nikaitazama asubuhi yake, na jana tena. Kumbe miaka yote hii miwili hukuacha kuchora. Mama alikuwa akiniambia umeacha, nami nikawa nalala na mzigo huo kifuani.

Nakuandikia hapa mbele za watu kwa sababu ujumbe wangu huufungui, na najua huwa unapita hapa. Wanaonisoma wengi ni watu wanaojifunza kuchora katuni wenyewe, bila mwalimu, usiku baada ya kazi. Hunitumia kazi zao na kuniomba maoni. Kila nikianza kumjibu mmoja wao, nakuona wewe.

Tunajua wote wawili ni usiku upi uliotutenganisha. Ulikuwa umelala kwenye kochi na viatu miguuni, tableti ya kuchorea kifuani, kalamu yake imeanguka sakafuni. Ulikuwa umemaliza saa chache tu kabla. Miezi minane. Dakika moja na nusu ya katuni, fremu 24 kwa sekunde, yaani picha 24, kila mchoro ukikaa fremu mbili: hiyo ni michoro 1,080, na sijahesabu uliyoitupa. Uliniambia, "Dada, itazame, halafu kesho uniambie ukweli." Nikaitazama. Mara ya kwanza nilitabasamu mwanzo hadi mwisho. Mara ya pili nikafika pale mzee anapoinua sanduku, nikakwama hapo.

Ni sekunde tatu. Anainama, anashika, anasimama nalo. Magoti hayakukunjika vya kutosha, mabega hayakushuka, mgongo haukwenda nyuma, na sanduku liliondoka sakafuni kwenye fremu ileile mikono ilipoligusa. Anayeinua kitu kizito mwili wake hutangulia. Hupanga miguu, huvuta, kitu hugoma kidogo, ndipo kinakuja, na kiwiliwili huegemea upande wa pili ili asianguke. Yasipokuwepo hayo, jicho huona boksi la karatasi. Nilikuwa nimefanya miaka minne ya kujaza fremu za kati kwenye katuni za watu wengine, na kitu kisicho na uzito hakinipi usingizi.

Basi sikungoja kesho. Nilifungua faili lako nikachora upya, michoro 36, mpaka alfajiri. Nikahifadhi.

Ulipoamka uliicheza. Nilikuwa nimesimama nyuma yako nikisubiri, na sitakuficha, nilikuwa nasubiri shukrani. Uliitazama mpaka mwisho. Ukarudisha nyuma. Ukazitazama tena zile sekunde tatu. Kisha ukaanza kupekua leya, yale matabaka ya michoro ndani ya faili, moja baada ya nyingine, kutoka juu hadi chini, nami nikajua unatafuta nini kabla hujafungua mdomo.

"Dada, yangu iko wapi?"

Nilikuwa nimehifadhi juu yake. Hakukuwa na nakala. Mimi niliyekufundisha kuweka nakala mbili za kila kitu. Na nikakujibu, "Hii ndiyo yako, nimeinyoosha tu."

Hiyo ndiyo sentensi ninayoisikia nikiwa peke yangu. Kuchora upya kulikuwa kosa, nakubali, lakini hata kosa hilo ningeweza kulieleza. Ile "nimeinyoosha tu" sina pa kuiweka.

Wanaoniuliza siku hizi jinsi ya kumpa mtu maoni juu ya katuni yake, nawaambia waanze kwa kueleza walichokiona, kabla ya walichokifikiri. "Nimeona mzee anaingia, anainua sanduku, anatoka. Sikuweza kujua kama sanduku ni zito au jepesi." Hapo mchoraji anapata kitu ambacho hawezi kukipata peke yake, kwa sababu yeye anaijua hadithi tayari, akiitazama kazi yake anaona hata vile ambavyo mkono haukuvichora. Macho ya mgeni ni mali. Ukimwambia "sanduku halina uzito" umeshahukumu, na umeshaamua kwamba alitaka liwe zito. Ukimwambia "nzuri sana, endelea hivyohivyo" umemwacha palepale ulipomkuta. Na ukimchorea, umemnyang'anya.

Halafu taja sekunde. "Mwendo haujakaa sawa" haimsaidii mtu mwenye fremu elfu mbili mbele yake. Mwambie, kuanzia sekunde ya 12 hadi ya 14 mguu wa kushoto unateleza sakafuni badala ya kubaki ulipokanyaga. Mwambie midomo haifungi kwenye "m" na "b", ndiyo maana sauti inaonekana kama imetoka kwa mtu mwingine. Mkono unaoanza kwa kasi fulani na kusimama kwa kasi hiyohiyo unaonekana wa mashine, kwa hiyo asogeze michoro iwe karibukaribu mwanzoni na mwishoni, na iachane katikati. Hayo yanatengenezeka kwa jioni moja. Anza na lile linalozuia hadithi isieleweke, mengine yasubiri. Makosa ishirini yakitajwa kwa mara moja, anayeanza hurekebisha mepesi na kuliacha lile zito, au hufunga kompyuta. Itazame kazi yake mara moja bila sauti, na mara moja ukisikiliza tu bila kutazama, ujue tatizo liko upande gani. Mara nyingi nimesikia picha ikilaumiwa kumbe ni kishindo cha mlango kilichochelewa.

Na muulize amefika hatua gani. Hili ndilo ninalolishikilia, na hapa na wewe unisikilize. Wachoraji wa Disney miaka ya 1930 walikuwa wakipiga filamu michoro ya penseli ikiwa bado mibichi, kabla ya wino na rangi, kisha wanaitazama kwenye chumba kidogo ambacho wenyewe walikiita chumba cha jasho. Jasho lilikuwepo, lakini kosa lilionekana wakati kulirekebisha kulikuwa kazi ya penseli na kifutio. Wewe ulinificha miezi minane. Nilikuuliza mara ngapi? "Nionyeshe rasimu." "Bado, Dada." "Nionyeshe hata michoro ya mpangilio." "Utaona ikiisha." Ukaja kunionyesha ina rangi, ina muziki, ina jina lako mwishoni. Ungenionyesha ile mibichi ningesema sentensi moja nikaenda zangu kulala.

Naona nilichokifanya hapo juu. Nimeanza na mashauri nikaishia kukulaumu. Siifuti, kwa sababu ndivyo ninavyolifikiri jambo hili usiku, siku zote linakwenda hivyohivyo.

Ukaiweka mtandaoni ikiwa na michoro yangu 36 ndani. Ungeweza kuichora upya ile yako. Ungeweza kukata sekunde tatu. Hukukata. Watu wakaisifia, na walichokisifia wengi wao kilikuwa sanduku. Mmoja aliandika kwamba alihisi mgongo wake mwenyewe ukiuma. Ulimjibu aliyesifu rangi, ukamjibu aliyeuliza ni programu gani, ukamjibu hata yule aliyesema muziki umezidi. Waliosifu sanduku hukuwajibu hata mmoja. Nilikuwa nasoma kila siku. Kisha ukamwambia Mama kwamba nimekuibia kazi. Sekunde tatu kati ya tisini, mdogo wangu! Ningeweza kuandika hapo chini, "Hiyo nimechora mimi." Sikuandika, na sijawahi kumwambia mtu mpaka leo.

Lakini kuna jambo hujui kwamba nalijua. Tulipohamisha vitu vya Mama nilikuta bahasha yako ya michoro ya mpangilio kwenye kabati la juu, lile lisilofunga vizuri. Nikaketi chini nikaipitia yote. Kwenye ule mchoro wa mzee akiinama uliandika pembeni kwa penseli neno moja, ukalipigia mistari miwili: *tupu*.

Sanduku lilikuwa tupu.

Nilibaki pale sakafuni mpaka Mama akaja kuuliza kama nimeanguka. Hakuna mahali katika katuni yako ambapo sanduku linafunguliwa. Uliacha hilo liwe ndani ya mwendo peke yake, kwamba mzee anabeba kitu kisicho na kitu na anajua. Na mimi nikakijaza mawe usiku mmoja.

Sasa nivumilie, kwa sababu siwezi kulinyamazia na hili. Hata sanduku tupu lina namna yake ya kuinuliwa. Kama mzee hajui kwamba ni tupu, anajiandaa kwa uzito, anavuta kwa nguvu, na sanduku linaruka juu kuliko alivyotarajia. Anapepesuka hatua moja nyuma. Kama anajua, hajiandai hata kidogo, analiokota kama mtu anavyookota kofia, na uchungu wenyewe uko hapo hapo kwenye wepesi. Ulichokuwa umechora hakikuwa hiki wala kile. Kilikuwa katikati, na jicho la mgeni likikuta cha katikati husema mchoraji ameshindwa. Kwa hiyo jicho langu halikukosea. Kasoro ilikuwepo. Nililokosa ni kuuliza, "Ulitaka nini hapa?" Maneno matatu. Ungejibu "tupu," tungekaa pamoja mpaka alfajiri ileile, wewe ukichora, mimi nikipitisha kurasa.

Ile siku nilikutajia pia zile kanuni 12 za uchoraji wa katuni, unakumbuka? Uliponiuliza yangu iko wapi nikaanza kukuhutubia kuhusu maandalizi ya mwendo na uzito, kama wakili. Frank Thomas na Ollie Johnston, wachoraji wa Disney, waliziandika mwaka 1981, baada ya miongo ya kuchora, wakieleza yale waliyoyagundua wao na wenzao kwa mikono. Mimi nilizitumia kumpiga nazo mtu aliyekuwa anatafuta michoro yake. Wanaoanza wanazijua siku hizi, na huwa nawasihi wasizigeuze rungu kwa wenzao. Kanuni inasaidia pale mchoraji anapojua anakotaka kufika. Kabla ya hapo ni kelele.

Acha nikuambie lililobaki, maana labda ndilo la kwanza. Miaka minne nilichora fremu za kati. Mtu mwingine anachora mwanzo wa mwendo na mwisho wake, mimi najaza katikati. Nilikuwa hodari. Mwanzo na mwisho wa kitu changu mwenyewe sijawahi kuvichora. Nina mafaili kumi na manne yaliyoanzwa, lililo refu kuliko yote lina sekunde 11. Wewe, mdogo niliyekushikisha penseli, ulimaliza dakika moja na nusu, ukalala na viatu. Sisemi nilifanya kwa wivu. Nilitazama moyoni sana na sidhani ulikuwa wivu. Ila asubuhi ile, kwenye katuni iliyokamilika, mlikuwa na mkono wangu, na hilo lilinifurahisha kuliko inavyofaa.

Ile michoro 36 iondoe, nakuomba. Bahasha ninayo, sijapoteza hata karatasi moja, na nyuma ya ile yenye neno *tupu* kuna rasimu nne ndogo za mzee akiinama. Ya tatu ndiyo yenyewe. Mikono yake iko legelege, hajiandai. Ulikuwa umeshaipata, ukaipoteza ulipoisafisha, na hilo humtokea kila mtu. Nitampa Mama akupe, kama hutaki kukutana nami.

Hii mpya ya sekunde 47 sijaifungua kwenye programu yoyote, na sijachora chochote juu yake. Nimeitazama kwenye simu tu kama mtu mwingine yeyote. Nimeona binti anaingia kwenye nyumba isiyo na watu, anagusa ukuta akitembea, anafika mlango wa mwisho. Hatua zake zimekaa, mguu ukikanyaga unabaki, na kivuli chake kinachelewa kidogo kugeuka kona kuliko yeye. Hicho kivuli sijui umekipata wapi. Nilikirudia mpaka betri ikaisha.

Lakini pale sekunde ya 31 anashika kitasa, na mkono wake unakaa hapo karibu sekunde nzima bila kusogea. Siwezi kujua kama anasita au anasikiliza. Ulitaka nini hapo?

Dada yako.