Maziwa yetu ya oganiki yanaishia tangi moja na mengine

Mhariri,

Naomba nafasi niongee kuhusu ng'ombe wa maziwa na kilimo cha oganiki, yaani kilimo hai kisichotumia fatalaiza ya viwandani, juu kila tukiitwa mkutano hapa Njoro tunaambiwa mkulima habadiliki kwa sababu hajui. Anajua sana.

Mimi nilibadilika juu ya gunia la chakula cha ng'ombe cha duka. Nilinunua mawili kwa agroveti, kufungua moja ni kuvu tupu, ng'ombe wakagoma kula, mmoja akashuka kutoka lita 14 hadi 6, na nikirudisha naambiwa eti ni mimi niliweka mahali pana unyevu. Kuvu kama hiyo inaweza kuleta sumu inaitwa aflatoksini, na hiyo sumu inapita kwa ng'ombe inaingia kwa maziwa, uchemshe unavyotaka haitoki, na ndiyo hayo watoto wangu wanakunywa kwa chai. Nilikosa usingizi kabisa.

Hata hivyo nisingejua pa kuanzia kama si jirani yangu, mama ana ng'ombe wawili tu, amepanda mimea ya kulisha ng'ombe, desmodiamu katikati ya nyasi za nepia na kaliandra pale kwa ua, anakata anachanganya, samadi inarudi shambani, fatalaiza hanunui. Alinionyesha daftari lake. Maziwa yake ni kidogo kuliko yangu lakini mwisho wa mwezi anabaki na pesa kunishinda! Ukishaona hiyo semina ya nini tena.

Wengine wanaogopa ndigana, ule ugonjwa wa kupe, wanadhani oganiki ni kuacha ng'ombe afe bila dawa. Hapana, akiugua anatibiwa, ila maziwa yake hayauzwi kama ya oganiki kwa muda mrefu kuliko ule umeandikwa kwa chupa ya dawa.

Sasa kinachotuumiza ni sosaiti, chama cha ushirika kinachonunua maziwa yetu. Asubuhi mimi na huyo mama tunapeleka, yanapimwa, yanamiminwa tangi moja na ya kila mtu, bei ni ile ile. Alama ya Kilimohai, ya kuonyesha bidhaa ni ya oganiki, iko Afrika Mashariki tangu 2007, naiona kwa mboga, lakini kwa maziwa itabandikwa wapi yakishachanganywa hivyo? Huko Ulaya shamba la malisho linangoja miaka 2 na ng'ombe wa maziwa miezi 6 ndio watambulike kuwa wa oganiki, ni kazi, lakini Denmaki tangu sheria yao ya 1987 serikali ilianza kumsaidia mkulima na pesa wakati huo wa kungoja, huku kwetu unangoja peke yako na karo inakuangalia.

Naomba sosaiti zitenge hata tangi moja dogo. Upande huu tuko wakulima kama kumi, tunaweza kukaguana kwa kikundi, na Kilimohai inakubali hiyo njia. Kuna mwenye duka la maziwa Nakuru mjini ameniuliza mara mbili kama naweza kumletea lita 50 za oganiki kila siku. Mimi nina 22, za wenzangu ziko kwa lile tangi.

Mkulima,
Njoro, Nakuru