Bunduki za kabati lenu hazioni skrini kutoka mahali mlipomweka mchezaji

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KABATI LA GEMU LA BUNDUKI MBILI, SKRINI YA INCHI 24

Tunaandika kwa niaba ya wanunuzi waliotuletea makabati haya kama mafundi. Kila aliyepiga simu kwenu amejibiwa neno moja tu: arekebishe shabaha upya. Shabaha imerekebishwa kwa kufuata kijitabu chenu hatua kwa hatua, na mshale wa shabaha bado unaganda pembeni mwa skrini. Kasoro iko kwenye vipimo vya kabati lenyewe, na futikamba inatosha kuithibitisha.

Kamera mliyoitia kwenye mtutu ni ile ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) inayofuata nukta nne za mwanga, na upeo wake ni nyuzi 33 kwa upana na 23 kwa kimo. Nukta hizo ni taa zenu nne, zilizokaa katikati ya kila ukingo wa skrini yenye upana wa sentimita 53 na kimo cha sentimita 30. Mchezaji akilenga katikati kabisa, mtutu lazima uwe sentimita 90 kutoka kwenye skrini ndipo taa ya kushoto na ya kulia zionekane pamoja. Akilenga ukingo wa kushoto, taa ya kulia haimo machoni mwa kamera mpaka arudi nyuma hadi karibu sentimita 180. Sasa simameni juu ya alama za nyayo mlizochora kwenye zulia la kabati, nyoosheni mkono, mpime: mtutu uko sentimita 45. Hapo kamera haizipati taa za pembeni zote mbili hata kwa shabaha ya katikati, na programu inabaki kubahatisha. Kurekebisha shabaha huifundisha bunduki taa ziko wapi. Hakuipi macho mapana zaidi.

Na hata anayetaka kurudi nyuma hawezi, kwa sababu waya wa USB una mita 1.5 na unatokea chini karibu na sakafu.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni lenzi pana mbele ya kamera: kwa mtutu ulio sentimita 45, inatakiwa ya nyuzi karibu 100, pamoja na programu ya bunduki inayonyoosha picha, maana lenzi ya namna hiyo hupinda mistari. Ya pili ni rahisi zaidi: waya wa mita 3, na maandishi kwenye boksi yanayosema wazi kwamba gemu huchezwa kutoka mita 1.8. Hii ya pili tumeijaribu kwenye kabati moja na mshale ukatulia. Ila mtu aliyenunua kabati ili asimame mbele yake kama lile la ukumbini ana haki ya kukataa suluhisho la kulichezea kutoka upande wa pili wa sebule.

Kuna na taa zenyewe. Kila jozi ya LED, yaani taa hizo, imeungwa mfululizo kwenye volti 5 kupitia rezista (kipunguza mkondo) ya omu 220. Taa mbili zikishakula volti 2.7 hivi, zinazobaki ni 2.3, na mkondo unaishia miliampia 10. Huo ni mdogo mno kwa chumba chenye dirisha, kwa kuwa jua nalo limejaa infraredi. Rezista ya omu 47, robo wati, huupandisha mkondo hadi miliampia 49, bado chini kabisa ya 100 ambazo LED nyingi za aina hiyo huvumilia. Hiyo ni kazi ya dakika 20 kwa mwenye kifaa cha kulehemu, lakini kijitabu chenu kinasema anayefungua mgongo wa kabati amepoteza dhamana.

Akriliki inayong'aa juu ya paneli ya vitufe nayo inarudisha mwanga wa taa ya chini. Kamera inapokea nukta ya uongo, na mshale unaruka. Ukifunika paneli, mruko unakoma. Lakini si kwa kitambaa cheusi chochote, kwani vingi ni vyeusi kwa macho tu na hung'aa kwenye infraredi. Kitazame kwanza kwa kamera ya mbele ya simu, ambayo mara nyingi huiona infraredi.

Boksi linadai pia kwamba soketi ya pembeni inapokea bunduki za zamani za PlayStation. Dai hilo liondoeni. GunCon ya Namco, mojawapo ya bunduki hizo, huunganishwa na waya wa picha ili ijue, kwa kupima wakati, mwale wa TV ya chogo umefika wapi pale triga inapovutwa. Skrini bapa haina mwale wa kupimwa. Hakuna adapta itakayoutengeneza.

Upande wa programu, bunduki zote mbili zinajitambulisha kwa namba ileile ya USB, hivyo kabati likizimwa na kuwashwa, mchezaji wa kwanza huweza kujikuta ni wa pili. Mngetoa namba tofauti, MAME (programu inayochezesha gemu za kabati za zamani) ingeweza kufunga kila bunduki mahali pake. Kwenye gemu la Area 51 risasi huongezwa kwa kupiga nje ya skrini, ila bunduki yenu ikipotewa na taa hushikilia mahali pa mwisho, kwa hiyo risasi haziongezeki. MAME ina chaguo liitwalo offscreen_reload linalokipa kazi hiyo kitufe cha pili, nyinyi mmelifunga. Terminator 2 ya 1991, ambayo bunduki zake za asili zilitumia potenshiometa (kipima mzunguko wa bunduki), hudai shabaha ipimwe ndani ya menyu yake ya ufundi, na menyu hiyo nayo mmeificha.

Tunaomba ndani ya siku 14 mtume bunduki zenye lenzi pana, au waya wa mita 3 pamoja na punguzo la bei. Rezista mpya na ruhusa ya maandishi ya kufungua kabati bila kupoteza dhamana. Na toleo la programu lenye menyu zilizofunguliwa. Asiyeridhika arudishiwe fedha yake yote, usafirishaji ukiwa juu yenu. Vipimo na picha za kila kabati tumeviambatisha.

Wenu,

Mafundi, kwa niaba ya wanunuzi