Mwanangu, usideki kwanza

Mwanangu mpendwa,

Picha ulizotuma alfajiri, za nyumba yenu ilivyoingiwa na mafuriko, nimezipata. Nilipowaona wajukuu zangu wamekaa kwa jirani wanakunywa chai, ndipo nikashusha pumzi. Pole sana, mama. Simu yako inakatika kila mara, nami nikianza kusema kwa simu nasahau nusu, ndiyo maana nimekaa nikaandika. Mdogo wako ataipiga picha barua hii akutumie. Isome yote kabla hujashika ndoo.

Umeme kwanza. Mumeo azime swichi kubwa, na isiwashwe mpaka fundi aje aikague. Hilo halina mjadala.

Halafu usideki. Najua mimi ndiye niliyekulea na fagio mkononi, lakini leo nisikilize. Unakumbuka Aprili 2024, mvua zile za El Niño ambazo Waziri Mkuu wa wakati ule, Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba zimeshaua watu 155? Kwetu Mbezi maji yaliingia saa tisa usiku. Kulipokucha nikaita vijana wawili. Sofa, magodoro, zulia, lile kabati la vyombo lililovimba kama andazi, vyote nikavitupa nje ya geti, na gari la taka likapita likavizoa. Adhuhuri sakafu yangu inang'aa. Siku ya tisa akaja mtathmini wa hasara wa kampuni ya bima, kijana mpole, ana futi kamba. "Mama, sofa liko wapi?" Nikamwonyesha geti. Akalitazama geti, akaandika kitu, asiniulize tena.

Kilichoniokoa ni uvivu. Nyuma ya kabati la nguo sikufika na tambara, na pale ukutani maji yalikuwa yameacha mstari wa tope, umenyooka kama wa rula, kidole kimoja chini ya soketi. Kijana akapiga magoti akaupima: sentimita 41. Kuanzia hapo akaanza kuniamini.

Kwa hiyo piga picha kila chumba ukiwa umesimama mlangoni. Kisha piga mstari wa maji, futi kamba ikionekana. Kisha kila kitu kimoja kimoja, na vile vibao vya namba nyuma ya friji, tivii na pampu. Godoro likianza kunuka na huwezi kukaa nalo na watoto, lipige picha, kata kipande cha kitambaa chake ukiweke, na waarifu kabla ya kulitupa. Lakini usikae tu ukitazama maji, maana ukiacha hasara ikue wakati ungeweza kuizuia watakuuliza. Toa maji, fungua madirisha, inua kinachoinuka. Risiti ya kukodi pampu itunze. Risiti za zamani kama zimelowa, tafuta ujumbe wa malipo kwenye simu.

Taarifa itoe leo leo. Nyumba yenu ni ya mkopo, na bima yake ilikatwa na benki, kwa hiyo anzia benki, kisha kampuni yenyewe. Piga simu, halafu yale yale uyaandike kwa barua pepe, na uombe namba ya dai. Maneno ya simuni hayana shahidi. Nenda pia kwa mtendaji wa mtaa akuandikie barua kwamba mafuriko yaliwakuta, na tarehe iwepo.

Mkataba wenyewe uusome. Bima ya nyumba wengi wanaiita bima ya moto, na wengine wanayo ya moto tu kweli. Mafuriko huongezwa kwa kulipia. Tena bima ya benki mara nyingi hulinda jengo, kwa sababu jengo ndilo dhamana yao. Vyombo vyako ni juu yako, kama hukuvikatia.

Sasa niseme lililoniuma. Nyumba yetu tuliikatia bima ya milioni 60 tulipomaliza kujenga, na kila mwaka tukalipia ile ile, tukijiona wajanja kwa kuwa ada haipandi. Mtathmini akakadiria kwamba kuijenga upya leo ni milioni 120. Hasara ilikuwa milioni 18. Kwa kuwa tuliikatia nusu ya thamani, wakatulipa nusu ya hasara, milioni 9, na humo wakatoa kile kiasi cha mwanzo ambacho mwenye bima hubeba mwenyewe. Nililia. Kisha nikausoma mkataba nikahesabu mwenyewe, nikakuta ndivyo ulivyoandikwa. Baba yako mpaka leo akisikia tangazo la bima redioni anasema, "Nusu!" halafu anazima.

Hata hiyo nusu nusura niikose. Hati ya kwanza waliyoniletea niisaini iliandikwa malipo kamili na ya mwisho, na waya za umeme zote zimerukwa. Ukishasaini karatasi ya namna hiyo, kurudi kudai ni kazi ngumu mno. Nikakataa, nikaandika barua kuomba mchanganuo, kipengele kwa kipengele. Baada ya wiki tatu wakarekebisha. Nawe wakikuzungusha, lalamika kwao kwa maandishi kwanza. Wakishindwa kukujibu, yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na juu ya kampuni zote iko TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Usigombane na kijana wa futi kamba, yeye anaandika anachokiona.

Ijumaa tunapanda treni ya asubuhi kuja Morogoro. Magodoro tutanunua huko huko. Baba yako ameshatia futi kamba na chaki kwenye begi, na anasema ukuta wa nyuma ya kabati lenu usiuguse mpaka afike.

Mama yako