Mchanga wa chini ya nyumba yangu unatoka na pampu

Mhariri,

Mimi ni fundi mwashi kwa miaka 38, na nyumba ninayoizungumzia niliipiga ripu kwa mikono yangu. Ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, hapa Ilala. Februari jirani alibomoa yake, akaanza kuchimba andagraundi hatua tatu tu kutoka ukuta wangu.

Ufa wa kwanza ulitokea juu ya mlango wa chumba cha mpangaji, ukapanda kingazi-ngazi ukifuata maungio ya matofali. Nyufa za ripu nazijua, hutapakaa kama utando wa buibui. Huu wa ngazi ni msingi unaoshuka upande mmoja. Nikabandika jasi juu yake, nikaandika tarehe. Siku ya tisa jasi ikakatika katikati: ufa bado unatembea.

Kilichonitisha zaidi ni pampu ya shimo la jirani. Inavuta maji usiku kucha, nayo yana rangi ya chai ya maziwa. Nilikinga ndoo ya lita 20, nikaiacha ituame hadi asubuhi: mchanga vidole vitatu! Maji yakitoka na mchanga, ujue ardhi yenyewe inahama. Kule Cologne, Ujerumani, Machi 3, 2009, jumba la nyaraka za jiji liliporomoka kando ya shimo la reli ya chini ya ardhi, watu wawili wakafa. Ukuta wa zege wa shimo ulikuwa na kasoro, maji yakapenya na mchanga. Nasi ya Kariakoo ya Novemba 16, 2024, ghorofa kuporomoka na zaidi ya watu 20 kufa, hatujayasahau.

Nilipompelekea msimamizi wa ujenzi ile ndoo, alinijibu: "Mzee, nyumba yako imechoka." Inawezekana. Ila nani atathibitisha ilivyokuwa Januari? Sina hata picha moja, mimi fundi mzima.

Ndiyo maana naomba kibali cha kuchimba kisitoke kabla nyumba za majirani hazijapigwa picha chumba kwa chumba, kila ufa ukapimwa, pande zote zikasaini na nakala ikabaki serikali ya mtaa. Kisha ukutani ziwekwe alama za kuonyesha kama ukuta unasogea, zisomwe kila wiki na mpima asiyelipwa na mkandarasi. Kingo za shimo nazo zishikwe kwa nguzo za zege kabla ya kuchimba, si kwa mirunda baada ya ukuta wa mtu kulegea.

Mpangaji nimemhamishia chumba cha uani, kodi nimempunguzia. Jasi ya tatu nimeibandika Jumapili.

Fundi mwashi,
Ilala, Dar es Salaam