Barua ya wazi kwa Waziri wa Sayansi: mradi unapofungwa, friza zisizimwe

Mheshimiwa Waziri,

Tunakuandikia kuhusu kitu kisichotajwa kwenye hotuba za uzinduzi: friza za maabara, na kilichomo ndani yake siku mradi unapokwisha.

Mwaka 2008 watafiti walitangaza kwamba wamesoma jeni za virusi vya UKIMWI kutoka kwenye kipande cha tezi kilichokatwa Kinshasa mwaka 1960 na kuhifadhiwa ndani ya nta. Walipovilinganisha na virusi vya sampuli ya damu ya 1959 kutoka mji huohuo, walikuta vimetofautiana sana, ishara kwamba vilikuwa vikienea kwa binadamu tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Aliyekitia kile kipande kwenye nta hakujua lolote kuhusu virusi hivyo, maana UKIMWI ulitambuliwa 1981. Alikitunza vizuri tu, na maelezo yake yakabaki nacho.

Nobel ya kemia ya 2024 ina kisa kinachofanana na hicho. Programu ya AlphaFold, iliyowapa waundaji wake sehemu ya tuzo hiyo na iliyokadiria maumbo ya protini zaidi ya milioni 200, ilijifunzia maumbo yaliyopimwa maabara na kuwekwa wazi katika Protein Data Bank, hazina iliyoanza 1971 ikiwa na maumbo saba. Zaidi ya nusu karne ya utunzaji ndiyo iliyozaa ugunduzi unaoitwa wa ghafla.

Uharibifu wa sampuli huanza dakika za kwanza. Damu ikitiwa kwenye chupa ya heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, heparini hiyo inaweza kubaki hata baada ya DNA kuchujwa, ikazuia PCR, njia ya kunakili DNA ili isomeke. Ndiyo maana tunataka chupa za EDTA, kizuia-mgando kingine. Tishu ikilowekwa katika formalini, dawa ya kuhifadhi tishu, isiyo na bafa (kemikali inayozuia tindikali kuongezeka), dawa hiyo hugeuka tindikali kadiri inavyokaa na kuikatakata DNA. Itumike formalini ya asilimia 10 yenye bafa, ujazo mara kumi wa tishu, kwa saa 24 hadi 48.

Utegili (plazma, sehemu ya majimaji ya damu) ugawanywe siku hiyohiyo kwenye mirija ya maikrolita 200 hadi 500, kwa sababu kila mrija unapoyeyushwa na kugandishwa tena, RNA, molekuli inayobeba ujumbe wa jeni, hukatika na baadhi ya protini hupoteza umbo. Friza ya nyuzi hasi 80 inafaa kwa utegili na DNA. Haizifai seli zinazotakiwa kuamka zikiwa hai, maana katika baridi hiyo chembe za barafu bado hukua taratibu na kuharibu utando. Seli zipoozwe nyuzi moja kwa dakika ndani ya DMSO ya asilimia 10, kemikali inayozikinga dhidi ya barafu, kisha zihamishiwe kwenye mvuke wa nitrojeni ya kimiminika, chini ya nyuzi hasi 130. Lita moja ya nitrojeni hiyo hutoa takriban lita 700 za gesi, nayo huisukuma oksijeni nje ya chumba bila harufu wala rangi. Anayenunua tangi bila kipimo cha oksijeni kinacholia ikishuka chini ya asilimia 19.5 anaweka rehani uhai wa fundi.

Umeme kukatika si msiba wenyewe. Msiba ni kukatika Ijumaa usiku na watu kujua Jumatatu. King'ora kiwe na betri yake na laini yake ya simu, kisitegemee intaneti ya jengo inayozimika pamoja na friza. Na friza moja ikae tupu, imeshapoa, tayari kupokea. Ukiwasha ya akiba baada ya hitilafu, itachukua saa nyingi kufika hasi 80, na sampuli hazisubiri.

Data nazo huoza. Excel, programu ya majedwali, imekuwa ikigeuza majina ya jeni kama SEPT2 na MARCH1 kuwa tarehe. Uchunguzi wa 2016 ulikuta makosa ya aina hiyo katika takriban makala moja kati ya tano zilizoambatanisha orodha za jeni za Excel, na mwaka 2020 ikatangazwa kwamba majina yenyewe yamebadilishwa kuwa SEPTIN2 na MARCHF1. Mafaili ghafi yawe na nakala tatu, moja nje ya jengo. Kila sampuli iandikiwe tarehe, mahali, aina ya chupa na idadi ya mara ilizoyeyushwa. Fomu ya ridhaa nayo itaje matumizi ya baadaye, la sivyo hata sampuli iliyotunzwa vizuri haiguswi.

Mheshimiwa, ruzuku huisha baada ya miaka michache, na bajeti ya umeme, nitrojeni na mtunza sampuli huisha siku hiyohiyo. Tunaomba masharti ya ruzuku za umma yabadilike: kila mradi uwe na fungu la utunzaji la miaka kumi baada ya kufungwa, lisilohamishika kwenda matumizi mengine, na malipo ya mwisho yasitolewe kabla data ghafi hazijawekwa kwenye hazina ya wazi, au hazina yenye udhibiti pale zinapomtambulisha mgonjwa.

Wako katika kazi,
Watafiti na mafundi wa maabara za baiolojia