Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka wa Kuijua Kaunti ya Androscoggin

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana,

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na kwa nyote hamjambo. Kabla ya lolote, tuwakumbuke wenzetu wawili tuliowazika mwaka huu. Mfuko wa kufa na kuzikana uliwafikia wafiwa mapema, na nawashukuru waliochanga hata pale mshahara ulipokuwa umeshagawanyika.

Mtakumbuka swali lililoulizwa mwaka jana mwishoni mwa mkutano wetu, watu wakiwa wameshaanza kuvaa makoti. Mzee wetu mmoja wa kutoka Fizi, Kongo, alisimama akasema: mimi nimekaa Lewiston miaka mingi, mjukuu wangu akiniuliza mto huu unatoka wapi nimjibu nini? Hakuna aliyeweza kumjibu, na mimi mwenyekiti wenu nilikuwa miongoni mwa waliokaa kimya. Tulitoka tukiwa na azimio moja, kwamba mwaka unaofuata tuijue kaunti tunayoishi, Androscoggin, katika jimbo la Maine huku Marekani. Taarifa hii ni ya utekelezaji wa azimio hilo zaidi ya kitu kingine. Hesabu za fedha anazo mweka hazina, naye atazisoma mstari kwa mstari.

Basi nianze na jibu la Mzee. Mto Androscoggin unatoka ziwa Umbagog, mpakani mwa Maine na New Hampshire, unateremka takriban kilomita 280, unakutana na mto Kennebec kwenye ghuba ya Merrymeeting, kisha maji yanaingia Atlantiki. Jina lake ni la wenyeji wa kwanza, Waabenaki, waliovua samaki hapa kabla ya mzungu yeyote kufika. Kaunti iliundwa mwaka 1854 kwa kumega vipande vya kaunti nne za jirani, ikapewa jina la mto. Ina majiji mawili yanayotazamana, Lewiston huku na Auburn ng'ambo, pamoja na miji midogo 12, kuanzia Durham kusini hadi Livermore Falls kaskazini. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 111,139. Kwa eneo ni miongoni mwa kaunti ndogo kabisa za Maine.

Wenzetu wa Kenya waliuliza gavana wa kaunti ni nani. Hayupo. Kaunti za huku hazifanani na zile za Kenya za tangu 2013. Nguvu iko kwenye mji wenyewe, na katika miji mingi midogo wakazi hukutana ukumbini mara moja kwa mwaka, wakapigia kura bajeti ya barabara na ya shule kwa kunyoosha mikono. Kaunti ina sherifu, jela, mahakama ya mirathi, na ofisi ya kusajili hati za ardhi na nyumba, ambayo iko Auburn. Nawasihi wote mlionunua nyumba, au mnaofikiria kununua, mfike pale muone hati yenu imeandikwaje. Familia moja ya chama chetu iligundua mwaka huu kwamba jina la baba lilikuwa limekosewa herufi mbili. Lilirekebishwa, lakini ingekuwaje kama lingegunduliwa wakati wa mirathi?

Safari yetu ya kwanza tuliifanya mwezi Aprili, theluji ikiyeyuka, kwenda kwenye maporomoko yanayotenganisha majiji yetu mawili. Wengi wetu tunapita darajani kila siku kwenda kazini na hatujawahi kusimama. Siku ile maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yanaunguruma mpaka ikabidi tusemeshane kwa kupaza sauti, na moshi wa maji ukatulowesha miwani. Tulikuwa na Bibi yetu mmoja, Mbantu wa Kisomali, mzaliwa wa bonde la chini la mto Juba. Alishika chuma cha uzio, akatazama kwa muda mrefu, kisha akasema neno moja: "Mazi."

Ndugu zangu, mimi ni mzaliwa wa Handeni, Tanzania. Mazi ni maji kwa Kizigua, lugha ya mama yangu. Nilimgeukia nikamsalimu kwa lugha hiyo, naye akaniitikia, tukabaki tumeshikana mikono pale darajani na magari yanapita. Wazee wake walitolewa Uzigua katika karne ya 19, wakavushwa bahari hadi Somalia, wakalimishwa mashamba ya watu kama watumwa. Waliotoroka walijificha kwenye misitu ya Juba, wakaishika lugha yao huko kwa vizazi vyote hivi. Vita vya miaka ya 1990 vikawasukuma kambi za Kenya, na kutoka kambini wakaletwa Marekani. Mimi nilikuja kwa ndege, na viza ya masomo mfukoni. Tumekutana kwenye maporomoko ya Androscoggin, na tumeelewana.

Kutoka pale tulifuata mifereji. Ilichimbwa kwa mikono, wengi wa wachimbaji wakiwa Waairishi waliokimbia njaa, ili maji ya maporomoko yaendeshe viwanda vya nguo. Kikubwa kati ya hivyo, Bates, kilianzishwa mwaka 1850 na Benjamin Bates, tajiri wa Boston, na jina lake ndilo lililobebwa na chuo tunachokijua sote. Pamba haioti Maine. Ilitoka majimbo ya kusini, na hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe ilichumwa na watumwa. Hili tulilisema wazi mbele ya watoto wetu, maana matofali mekundu ya viwanda vile ni mazuri kutazama na mtu anaweza kusahau yalilipwa na jasho la nani.

Kwenye makumbusho ya viwanda mama mmoja wa Uvira, Kongo, alishika kipande cha kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, akakisugua kwa kidole gumba, akauliza: "Hii si amerikani?" Mwongozaji hakuelewa kwa nini Waswahili wote walianza kusema kwa pamoja. Tulimweleza. Merikani ndiyo nguo iliyoletwa Unguja na merikebu za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, tangu enzi za Sayyid Said, aliyetia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Misafara ikaibeba kutoka Bagamoyo hadi Ujiji na kuvuka ziwa, ikatumika kama fedha. Ilifumwa katika viwanda vya ukanda huuhuu wa New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani. Bibi zetu walimjua Mmarekani kwa kitambaa chake kabla hawajawaona watu wake.

Sasa niwaeleze kuhusu Wafaransa, kwa sababu hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Reli ya Grand Trunk ilipofikishwa Lewiston mwaka 1874, familia za wasemaji wa Kifaransa kutoka Quebec, Kanada, zilishuka kwa maelfu. Walibanana kwenye nyumba za ghorofa za mbao kando ya mto, mtaa ukaitwa Little Canada. Walifuma, walishona viatu Auburn, walichapisha gazeti lao la Kifaransa, na kanisa lao kubwa la Petro na Paulo lilianza kujengwa 1906 lisimalizike hadi 1938, kwa senti za wafanyakazi wa viwandani. Walidharauliwa. Walisemwa kwamba ni wengi mno, ni maskini mno, hawataki Kiingereza. Mwaka 1919 jimbo la Maine lilipitisha sheria kwamba masomo yafundishwe kwa Kiingereza tu, na sheria hiyo ilidumu hadi miaka ya 1960.

Mzee mmoja mwenye asili ya Quebec, mfumaji mstaafu wa zaidi ya miaka 80, alikuja kuzungumza na darasa letu la Jumamosi. Aliwaambia watoto kwamba uwanjani shuleni walinong'ona Kifaransa huku wakitazama nyuma. Alipopata watoto wake hakuwafundisha, akidhani anawaokoa. Sasa mkewe amefariki na hana mtu nyumbani wa kusali naye Salamu Maria kwa lugha aliyofundishwa na mama yake. Alipolisema hilo darasa zima lilinyamaza.

Nataka mlipime neno hilo. Mwezi Februari mzazi mmoja alinijia machozi yakimtoka, kwamba mwanawe wa miaka tisa amekataa kumjibu bibi yake kwa Kiswahili kwenye simu. Hakuna sheria iliyomkataza mtoto huyo. Ni sisi wenyewe tuliomwachia aipoteze lugha, kwa uchovu wa zamu za usiku. Darasa la Jumamosi lina walimu watatu wa kujitolea na chumba cha kuazima ambacho tunaweza kuambiwa tukiache wakati wowote. Kwa maoni yangu hakuna kazi ya chama hiki iliyo kubwa kuliko hiyo, hata sherehe, hata fulana.

Mto wenyewe una kisa chake. Kufikia miaka ya 1940 viwanda vya karatasi vya upande wa juu wa mto na taka za miji vilikuwa vimeuchafua hadi watu wakafunga madirisha wakati wa joto kwa sababu ya harufu. Edmund Muskie, mtoto wa fundi cherehani mhamiaji kutoka Poland, alizaliwa Rumford kando ya mto huu na kusoma chuo cha Bates. Akiwa seneta ndiye aliyeongoza sheria ya maji safi ya 1972. Leo vijana wetu wanavua samaki pale.

Waliotutangulia sisi Waafrika ni Wasomali, waliofika kuanzia mwaka 2001, mwaka uleule kiwanda cha Bates kilipozima mitambo yake. Mwaka 2002 meya wa Lewiston wa wakati huo aliwaandikia barua ya wazi akiwaomba wapunguze kuja. Januari 2003 kikundi cha wabaguzi kikaja kufanya mkutano, kikapata watu wachache, wakati maelfu walijazana chuoni Bates kuwaunga mkono wageni.  Timu ya soka ya sekondari ya Lewiston, iliyojaa watoto wa wakimbizi, ikachukua ubingwa wa jimbo mwaka 2015. Na usiku wa 25 Oktoba 2023, watu 18 walipouawa kwa risasi hapa Lewiston, tulijifungia ndani sawa na majirani zetu, na tukalia nao. Mwaka huu pia tulipeleka maua.

Wenzetu wa Kinshasa wameomba tuone ukumbi wa hapa Lewiston ambapo bondia Muhammad Ali alimwangusha Sonny Liston raundi ya kwanza, 25 Mei 1965. Tutakwenda. Tutakwenda pia Leeds, alikozaliwa mwaka 1830 Jenerali Oliver Otis Howard, aliyepoteza mkono vitani, akaongoza ofisi ya kuwasaidia watumwa walioachiwa huru, na ambaye Chuo Kikuu cha Howard kina jina lake. Baadaye jenerali huyohuyo aliwafukuza Wanez Perce, kabila la wenyeji wa kwanza wa magharibi mwa Marekani, kutoka nchi yao. Watoto wataambiwa yote mawili.

Kamati inaomba mkutano huu uridhie mambo mawili. Kwanza, ada iongezwe dola mbili kwa mwezi, zote ziende kwenye kodi ya chumba cha darasa, tusiazime tena. Pili, vijana wanne wenye simu nzuri wawarekodi wazee wetu, kuanzia na Bibi wa mazi, kwa lugha yoyote mzee atakayochagua. Bibi amekubali. Amesema waje Jumapili baada ya adhuhuri, na waje na njaa.