Amefika salama, mbona hatulii?

Rafiki yangu,

Salamu nyingi. Umeuliza mkimbizi aliyekwisha vuka mpaka na kupokewa anatafuta nini tena huko mbele. Wengi hujibu kwa neno moja, tamaa. Mimi ningeanza na karatasi zake.

Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unagusa kazi, shule na uhuru wa kutembea. Nchi nyingi zimeutia sahihi, lakini mara nyingi kitambulisho anachopewa hakimruhusu kuajiriwa, wala kutoka kambini bila kibali. Risasi hazisikiki tena, ni kweli. Ila mgao wa chakula ukipunguzwa hana pa kuzibia pengo, na kijana aliyemaliza sekondari anakaa tu, miaka mitano, kumi. Kuhamishiwa rasmi nchi ya tatu, isiyo kwao wala ile aliyokimbilia, kupo, lakini kwa mwaka hawafiki hata mmoja katika kila wakimbizi mia.

Utasema, basi akate tiketi ya ndege. Hapo ndipo penye fundo. Shirika la ndege likimbeba asiye na viza hutozwa faini na kutakiwa kumrudisha, kwa hiyo anazuiwa pale pale kaunta. Viza nayo inadai pasipoti, taarifa za benki na uthibitisho kwamba atarudi kwao. Kwao ndiko alikokimbia! Ndiyo maana humlipa dalali zaidi hata ya nauli ya ndege, asafirishwe kwa lori na mashua. Mara nyingi fedha huwekwa kwa mtu wa kati, dalali asizipate mpaka abiria apige simu kwamba amefika.

Ulaya alama za vidole za mwomba hifadhi huingizwa kwenye Eurodac, hifadhidata ya pamoja ya Umoja wa Ulaya, tangu 2003, na kwa utaratibu wa Dublin, unaoamua nchi ipi ishughulikie ombi lake, anaweza kurudishwa alikoingilia kwanza, hata kama kaka yake yuko nchi nyingine: ndugu mtu mzima kwa kawaida hahesabiwi familia. Basi wapo wanaochoma ncha za vidole kwa chuma cha moto, au kuzisugua kwa msasa. Jeraha lisipokuwa la kina, ngozi hurudi na mistari ileile. Maofisa husubiri tu.

Kuhusu adhabu, kifungu cha 31 cha Mkataba ule wa 1951 kinamkinga aliyeingia bila ruhusa, ila kinamtaja anayetoka moja kwa moja alikokuwa hatarini. Aliyepitia nchi mbili tatu hutegemea neno hilo "moja kwa moja" litafsiriwe vipi, na mawakili hawajaacha kulibishania.

Wasalimu nyumbani.

Wako,
Rafiki yako